Mfanyakazi ni Nani, na Mkandarasi ni Nani?

Somo letu la jioni hii lahusu maneno mawili. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni kwa herufi kubwa: MFANYAKAZI, na chini yake, MKANDARASI. Wanafunzi wayanakili katika daftari zao, kisha tuendelee.

Mmekwisha? Vema. Watu hawa wawili wote hufanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine, na wote hulipwa fedha. Ukiwakuta wameinama wanaranda mbao, hutaweza kuwatenga kwa macho. Lakini mbele ya sheria mmoja yuko upande huu wa mto na mwenzake yuko ng'ambo. Mambo ya likizo, ugonjwa, kuumia kazini, kufukuzwa na akiba ya uzeeni, yote hutegemea ni upande gani uliko.

Nitawapa kisa kimoja. Katika mtaa ninaokaa palikuwa na kijana aliyefanya kazi katika karakana ya useremala. Sitamtaja jina, wala karakana siitaji. Kazi yake ilikuwa kupasua mbao kwa msumeno wa umeme. Aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa juma. Kila Jumamosi alitumiwa fedha zake kwa simu. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili. Siku moja ubao ulikuwa na msumari uliojificha ndani. Msumeno ukaruka, ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Wenzake ndio waliompeleka hospitali. Aliporudi karakanani na mkono umefungwa bendeji, akaomba asaidiwe gharama za matibabu. Mwenye karakana akamjibu kwa upole: "Pole sana, mwanangu, lakini wewe si mfanyakazi wangu. Wewe ni fundi wa kujitegemea, tumepatana kazi tu. Karatasi yako hii hapa, dole gumba ulitia mwenyewe. Sasa kwa mkono huo kazi hutaiweza, basi usijisumbue kuja tena."

Na kweli karatasi ilikuwapo. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na ndani yake imeandikwa kwamba mwenye kutia alama hapa chini ni "mkandarasi wa kujitegemea". Kijana hakujua kusoma. Siku aliyopakwa wino kidoleni alikuwa ameambiwa kwamba ni karatasi ya kuandikisha majina.

Je, karatasi ile ilimaliza maneno? Hapana, na sababu yake ndiyo somo la leo.

Sheria tutakazozisema ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, na wasikilizaji wetu wa Kenya na kwingineko wana zao. Bara ziko sheria mbili kubwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote za mwaka 2004. Sheria hii ya pili yasema jambo moja lenye nguvu sana. Mwalimu, hapa uwasomee polepole. Mtu anayemfanyia mwingine kazi hudhaniwa kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe kinyume chake, hata mkataba wao uwe wa namna gani, ikiwa ipo alama moja au zaidi kati ya alama saba.

Angalieni maneno "hata mkataba wao uwe wa namna gani". Maana yake, sheria haitazami jina lililoandikwa juu ya karatasi. Hutazama kazi yenyewe inavyokwenda. Tena angalieni neno "hudhaniwa". Kijana wetu hana haja ya kuanza kwa kuthibitisha kila kitu. Akionyesha alama moja, basi mzigo unahamia begani mwa yule anayekana; yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba huyu si mfanyakazi wake. Nasema "kuthibitisha" kwa sababu mlango haujafungwa kabisa. Mwenye karakana aweza kuleta ushahidi wake na kushinda, kama anao.

Sasa tuzitazame alama hizo kwa kumtazama kijana wetu. Ya kwanza ni namna ya kufanya kazi: nani humwelekeza afanye vipi? Karakanani palikuwa na msimamizi aliyesema leo pasua mninga, kesho mkongo, unene huu, urefu huu. Ya pili ni saa za kazi: nani huzipanga? Akichelewa nusu saa alikatwa fedha. Ya tatu, kama kazi ni ya shirika au kampuni, je, mtu huyo ni sehemu yake, au ni mgeni aliyepita tu? Yeye alikuwa na zamu katika orodha iliyobandikwa ukutani, na siku ya kufagia karakana alifagia kama wenzake.

Alama ya nne ni hesabu, nayo yafaa tuifanye pamoja. Sheria yasema mtu awe amemfanyia kazi yule mwingine kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi, kwa muda wa miezi mitatu iliyopita. Sikilizeni vizuri: saa 45 kwa mwezi, si kwa juma. Andikeni: toka saa moja asubuhi hata saa kumi na moja jioni ni saa 10. Toa saa moja ya chakula, zabaki 9. Mara siku 6, zapata saa 54 kwa juma. Mara majuma 4, saa 216 kwa mwezi. Sheria yataka 45 tu, naye alikuwa na 216! Mtu wa saa 9 kwa siku hufikisha kipimo hicho kwa siku tano tu za mwezi mzima.

Hapo hapo, kabla hamjafuta hesabu hiyo, itazameni kwa upande mwingine. Saa za kawaida za mfanyakazi hazipaswi kuzidi 45 kwa juma. Kijana alifanya 54. Saa 9 zilizozidi zilikuwa za ziada, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Yeye alilipwa sawasawa tu, miezi yote kumi na minne.

Alama ya tano: je, riziki yake inamtegemea mtu huyo? Ya sita: nani alitoa vyombo vya kazi? Msumeno, randa, miwani ya kukinga macho (miwani yenyewe ilikuwa imevunjika tangu zamani), vyote vilikuwa mali ya karakana. Ya saba: je, anamfanyia kazi mtu mmoja tu? Kwa siku sita za juma, angempata wapi wa pili?

Sheria ilitaka alama moja. Kijana alikuwa nazo saba.

Sasa tuvuke mto tumtazame mkandarasi. Tuseme mama mmoja ataka paa la nyumba yake liezekwe. Amwita fundi. Fundi apanda, apima, ataja bei yake, wanabishana, wanapatana. Fundi aja na nyundo zake, ngazi yake, na vijana wawili aliowatafuta mwenyewe na atakaowalipa mwenyewe. Juma hili ataezeka kwa mama, juma lijalo yuko kwingine. Simu yake inalia siku nzima wateja wakimwita. Akipinda bati tatu kwa uzembe wake, hasara ni yake. Akimaliza kwa siku tatu badala ya tano, faida ni yake. Akiumwa, aweza kumtuma fundi mwenzake, na mama hatalalamika madhali paa halivuji. Mama hamwambii ashike nyundo kwa mkono gani. Huyo ndiye mkandarasi: amenunuliwa kazi iliyokwisha, hakununuliwa siku zake.

Hilo la kumtuma mwenzake ni la maana. Sheria ya Ajira yasema mfanyakazi ni yule aliyeahidi kuifanya kazi mwenyewe binafsi, na yule anayefanyiwa kazi si mteja wa shughuli yake mwenyewe. Mama wa paa ni mteja wa fundi. Lakini mwenye karakana hakuwa mteja wa kijana wetu. Wateja walikuwa wale waliokuja kununua vitanda na makabati, na fedha walimpa mwenye karakana.

Wala msidhani kwamba mkandarasi ni mtu aliyeonewa. La. Fundi hodari mwenye wateja wengi aweza kupata mara mbili ya anayelipwa mshahara, tena hana bwana wa kumwuliza alikuwa wapi. Asiye na mwajiri aweza pia kujiwekea akiba ya uzeeni kwa hiari katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ule unaoitwa NSSF. Uovu unaanza pale mtu anapobeba taabu zote za mfanyakazi na hatari zote za mkandarasi kwa wakati mmoja.

Kwa nini basi mwajiri ataka umwite mkandarasi? Sababu kubwa ni fedha. Mfanyakazi ana likizo ya siku 28 kila mwaka yenye malipo. Mama mfanyakazi akijifungua ana siku 84, na akizaa pacha ana 100. Akiba ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 60,000 kila mwezi, na angalau 30,000 zatoka mfukoni mwa mwajiri. Anayelipwa kwa mwezi hawezi kuachishwa bila taarifa ya siku 28. Hata anayelipwa kwa siku au kwa juma, ukipita mwezi wa kwanza, ana taarifa ya siku 4. Tena kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoweka Mfuko wa Fidia kwa watu wanaoumia kazini. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri peke yake, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Yote haya hutoweka kwa neno moja lililopigwa chapa kwenye karatasi, ikiwa mtu aliyetia dole hajui la kusema.

Huenda mmoja wenu ananyosha mkono sasa hivi, aseme: "Mwalimu, mimi nalipwa kwa kipande, si kwa mwezi. Basi mimi ni mkandarasi?" Ndugu yangu, swali zuri. Twende Rungwe, kwenye chai. Katika shamba kubwa, mchumaji hulipwa kwa kilo alizochuma. Lakini shamba si lake, kikapu alipewa, saa za kuanza alipangiwa, na mnyapara yuko nyuma yake akitazama kama anachuma majani laini. Huyo ni mfanyakazi, ijapokuwa analipwa kwa mzani. Jirani yake ni mkulima mdogo mwenye shamba lake. Naye achuma, naye apima, naye alipwa kwa kilo. Lakini yeye auza mali yake kiwandani. Akitaka leo asichume, hakuna wa kumkata. Jani ni lile lile na mzani huenda ukawa ule ule, lakini mmoja ni mfanyakazi na mwenzake ni mfanyabiashara. Namna ya kulipa fedha haitoshi kutuambia mtu ni nani.

Wazee wetu waliyajua haya. Neno "kibarua", ambalo twalitumia kila siku, latokana na "barua": ni ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya siku. Na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakati wa ukoloni, mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. (Kule Kenya kipande kilikuwa jambo jingine, cheti cha kumtambulisha mtu, kilichovaliwa shingoni.) Kadi ile haikumfanya mkata mkonge kuwa mtu wa kujitegemea, maana kila alfajiri aliitikia kengele ya shamba. Siku hizi mjini wanasema "deiwaka". Mtu wa deiwaka naye aweza kuwa mfanyakazi, hasa anapokuwa deiwaka wa mtu yule yule mwaka mzima.

Liko na tatizo lingine linalowapoteza hata waliosoma. Sheria yatambua mkataba wa kazi maalumu, kwa mfano kujenga ukuta mpaka uishe. Wengi husikia hivyo wakadhani ni kandarasi. Si lazima. Mtu aweza kuajiriwa kwa ajili ya ukuta mmoja tu, na kwa siku zote za ukuta huo akawa mfanyakazi mwenye haki zake.

Sasa nikiri kwamba pako mahali penye ukungu. Dereva wa daladala hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na kinachozidi ni chake. Gari ni la tajiri, na dereva anamfanyia tajiri mmoja. Kwangu mimi, alama hizo zaonyesha mfanyakazi, na tajiri atakuwa na kazi ya kueleza vinginevyo. Lakini kijana wa bodaboda aliyepewa pikipiki kwa mkataba, analipa kila siku mpaka iwe yake, anatafuta abiria wake mwenyewe na kulala akitaka, huyo namwona kama mtu anayenunua chombo chake kidogo kidogo. Hata hivyo mkataba mmoja haufanani na mwingine, na mwamuzi atataka kuusikia wote.

Hata nchi za mbali wanabishana juu ya jambo hili. Huko Uingereza madereva wa Uber, wale wanaoitwa na abiria kwa njia ya simu, walifikisha kesi yao mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 19 Februari 2021 mahakama iliamua kwamba wana haki ya kima cha chini cha malipo na likizo yenye malipo, ingawa mikataba yao iliwaita watu wa kujitegemea. Waamuzi walitazama kwamba kampuni ndiyo iliyopanga nauli na masharti, na kwamba dereva aliyekataa abiria mara nyingi aliadhibiwa.

Na ninyi akina mama na akina baba mlio na msichana wa kazi nyumbani, msinyamaze kama hamjaguswa. Binti anayeamka kabla yenu, akapika kwa sufuria zenu na kulala baada yenu, hana mteja mwingine. Ni mfanyakazi, nanyi ni waajiri, hata kama alikuja kwa kuletwa na shangazi bila karatasi yoyote.

Turudi kwa kijana wetu, maana najua mnamngoja. Alikaa nyumbani miezi miwili akisubiri jeraha lipone. Hapo alikosea, ingawa simlaumu. Mtu aliyeachishwa kazi isivyo halali yampasa apeleke shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Siku zilikuwa zimepita. Ikambidi kwanza aombe Tume impokee ijapokuwa amechelewa, akaonyesha karatasi za hospitali kuwa ndizo sababu. Akapokelewa.

Kisha akaulizwa ushahidi. Mkataba alikuwa nao mwenye karakana, na ulimsema vibaya. Mashahidi waliogopa kufukuzwa. Lakini katika simu yake kulikuwa na jumbe za fedha zaidi ya hamsini, kila moja ya Jumamosi, zote kutoka namba ile ile. Hakuzifuta, kwa sababu hakujua namna ya kuzifuta. Msuluhishi akaziomba, akazisoma moja moja, na kumwuliza mwenye karakana ni mkandarasi gani huyu anayelipwa kila Jumamosi kwa mwaka na zaidi. Mzee yule akakaa kimya kidogo, kisha akasema afadhali wapatane. Akalipa fedha za likizo, za saa za ziada, na za kumwachisha bila taarifa. Habari ya vidole ikapelekwa kwenye Mfuko wa Fidia, maana huko ndiko mahali pake.

Kijana huyo sasa anahudhuria darasa la jioni. Kalamu anashika kwa mkono wa kuume, ambao ni mzima.

Kwa juma lijalo kazi yenu ni hii. Kila mmoja aanze ukurasa mpya katika daftari lake. Juu aandike jina la mtu anayemfanyia kazi. Chini yake, kila siku, aandike tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, na fedha alizopewa. Asiyeweza bado kuandika saa, atie alama ya mstari kwa kila saa moja, na mwalimu atamsaidia. Wenye karatasi za mikataba nyumbani wazilete darasani, hata zilizokunjwa na kuchanika. Tutazisoma pamoja, neno kwa neno, na tutaanza na lile neno la pili lililoko ubaoni.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo saa hii hii.